Maziwa ya Bihogo

Maziwa yanayokazwa motoni hunukia kwanza kama uji wa mtoto, baadaye kama mkate unaoiva, na mwishoni, hiliki ikishatiwa, hunukia kama nyumba ya watu wengine. Mimi harufu hiyo naijua kutoka nyuma ya migomba ya nyumbani kwetu Nyakasimbi, mahali ambapo wanaume walikanyaga ndizi za pombe ya rubisi na ambapo Baba, kwa sababu alizozijua yeye, aliweka mafiga matatu na sufuria kubwa ya shaba nyekundu aliyorudi nayo kutoka Mwanza. Nimesoma hadi chuo kikuu, nimekula kwenye hoteli ambazo mhudumu hukutandikia kitambaa mapajani kana kwamba umepooza, na bado harufu hiyo ikinijia mtaani mwili wangu hufanya jambo moja tu: hutazama kulia na kushoto kuona ni nani ananiona.

Baba alikuwa mpishi. Neno hilo nimeliandika sasa hivi kwa urahisi, lakini nikiwa darasa la tano sikuweza kulitamka. Mwalimu alipotuuliza kazi za wazazi wetu, wenzangu walisema mkulima, mkulima, karani wa chama cha kahawa, mkulima. Mimi nikasema, "Baba yangu alikuwa Mwanza." Mwalimu akasema, "Mwanza si kazi, keti." Kwetu mwanamume alilijua jiko kwa mambo mawili, kuchoma nyama ya sherehe na kuulizia kama chakula tayari. Baba yeye alikuwa ametumia ujana wake wote katika jiko la familia moja ya Kihindi, wauza tamutamu, akikoroga, akikaanga na kuchovya vitu kwenye shira ya sukari. Familia ile ilipofunga duka ikahamia kwingine, Baba akarudi kwenye shamba la migomba la babu akiwa na sufuria, kikaangio, kopo la hiliki, na mikono laini ambayo mama yake, Bibi yetu, alisema ingemtia aibu hata mbele ya jembe.

Aliniambia kwamba bibi mzee wa nyumba ile alimfundisha kuwa kila tamutamu ina mji wake huko India. Peda ni za Mathura, ghari ni za Surat, petha ni za Agra, na mtu asiyejua mji wa kitu anachokipika anapika kwa kubahatisha. Baba hakuwahi kuvuka hata mpaka wa Rwanda ulio pua na mdomo na sisi, lakini aliitaja miji hiyo kwa zamu kama watoto wa katekisimu wanavyotaja vitabu vya Biblia. Petha hutengenezwa kwa aina fulani ya boga. Baba akajaribu kwa maboga yetu, akapata kitu ambacho hata mbuzi alikinusa akakiacha. Pistachio hatukuwa nazo, akaweka karanga. Zafarani hatukuwa nayo, akasema rangi ni majivuno. Tamutamu za maziwa tu, peda na barfi, ile ya maziwa yaliyokazwa hadi yakakatika kwa kisu, ndizo hakuweza kuzipika, kwa kuwa nyumbani kwetu maziwa hayakuchemshwa.

Hapo msomaji asiyetoka kwetu anisikilize vizuri. Familia za wafugaji wa Karagwe na Kyerwa, na za wakulima waliooana nao kama yetu, zilikuwa na mwiko wa kupeleka maziwa motoni. Chai tulikunywa, lakini iliiva kwa maji, na maziwa yakaongezwa kikombeni yakiwa mabichi, hivyo chai yetu haikuwahi kuwa ya moto. Shuleni tulifundishwa kwamba maziwa yasiyochemshwa yana vijidudu. Tuliandika, tukajibu mtihani, tukapata vema, kisha tukaenda nyumbani kunywa maziwa mabichi. Bibi ndiye aliyekuwa mlinzi wa jambo hilo. "Maziwa yakiuona moto," alisema, "titi nalo linauona, likakauka." Mama, aliyekuwa Mlutheri wa Bugene, alishikilia kwamba Biblia haikukataza, lakini naye hakuthubutu. Mwacha mila ni mtumwa, na nyumba ya mama mkwe ina utumwa wake tayari. Hakuna haja ya kuongeza mwingine.

Msimu ninaousimulia ulianza na ng'ombe. Dada yangu Koku alikuwa amechumbiwa na kijana wa upande wa Kyerwa, wa ukoo wenye ng'ombe wenye pembe ndefu na maneno machache. Kwa desturi yao, kabla ya harusi humtanguliza ng'ombe mmoja anayekamuliwa aende kwa kina binti, ili bibi harusi anywe maziwa yake na aingie kwenye ndoa aking'aa. Basi akaletwa Bihogo, mwekundu wa kahawa iliyoiva, na ndama wake. Kijiji kizima kilipita kumwona. Kwa mara ya kwanza tangu Baba arudi, watu walikuwa na la kusema kuhusu nyumba yetu lisilohusu sufuria. Nilitembea nikiwa nimenyoosha shingo. Watoto walioniita Muhindi wa Nyakasimbi walinyamaza wiki nzima, wakawa wanaulizia kama wanaweza kumshika ndama.

Tatizo lilikuwa Koku. Hakuyapenda maziwa. Alikunywa akiziba pua, Bibi akiwa amesimama juu yake kama askari. "Meza. Unafikiri wanaoa mifupa?" Bibi akigeuka, Koku alinipa mimi kikombe, mimi nilikuwa nimeshashiba, nikampa paka. Baba aliiona hali hiyo siku hadi siku. Ninavyomjua, hakuumia kwa sababu ya mila wala kwa sababu ya afya ya Koku. Aliumia kumwona paka akinywa barfi.

Ikaja habari kwamba baba yake bwana harusi, Mzee Bitegeko, angekuja na ndugu zake Jumapili kumtazama binti, kumtazama ng'ombe, na kupanga siku ya harusi. Jumamosi asubuhi Bibi alienda parokiani kwa shughuli za kina mama, na Mama akamsindikiza Koku Kayanga kwa fundi wa nguo. Baba aliniita. Alikuwa ameshayaficha maziwa ya jana jioni na ya asubuhi ile, na mafiga yalikuwa yanawaka kule nyuma ya migomba.

"Baba, Bibi atasemaje?" niliuliza.

"Mgeni akikuletea mchele, unamrudishia mchele?" alisema. "Unampikia. Hawa wametuletea maziwa."

Akanipa mwiko mrefu wa mti na kunionyesha namna ya kukwangua chini ya sufuria bila kupumzika, maana mkono ukisimama, maziwa yanashika. Mwanzoni yalivuma kama mvua ya mbali juu ya majani ya migomba. Yakapungua, yakaanza kulalamika kama uji, na mimi nikalalamika pia, kwa sababu bega lilikuwa linaniuma na moshi ulikuwa umechagua upande wangu. Baba alichuchumaa ng'ambo, hanitazami mimi, anayatazama maziwa. Kuna wakati aliinama akasikiliza, kama mtu anayesikiliza kama mtoto amelala, akasema, "Sasa yanaanza kusema." Akatia sukari, akatia samli, akaziponda hiliki kwa jiwe. Sijawahi kumwona mtu mzima akiwa na furaha ya namna ile bila pombe. Na mimi, pamoja na moshi wote, nilijiona mtu mkubwa. Tulipomaliza, maziwa ya ng'ombe mzima yalikuwa yamekuwa kitu cha kutandaza kwenye nusu ya sinia. Akakikata vipande vyenye pembe nne zilizolala, akabandika karanga moja kila kipande.

Jioni Bibi alirudi, akaona sinia limefunikwa kwa kitambaa. "Ndizo zile takataka zako za Mwanza?" aliuliza, maana alijua Baba hutengeneza vitu kwa unga wa dengu. Baba akasema, "Onja, Mama." Bibi akaonja. Akalamba kidole, akasema Wahindi ni watu wabaya kwa kuficha kitu kama hiki siku zote, kisha akaomba kipande cha pili. Baba alicheka hadi akatoka nje. Mimi nilimwangalia Bibi akitafuna, nikijua anachotafuna, lakini nilikuwa mtoto, na mtoto aliyelelewa vizuri hamsahihishi bibi yake akiwa na chakula mdomoni.

Wageni walifika Jumapili baada ya ibada, wamevaa makoti na kushika fimbo. Mzee Bitegeko alikuwa mrefu, mwenye sauti ya chini iliyokufanya usogee. Mambo yalienda kama yanavyotakiwa. Walisalimiwa, walikaa kwenye nyasi mpya zilizotandikwa sebuleni, walipewa kahawa za kutafuna ndani ya kikapu kidogo, zikafuata kata za rubisi. Koku alitoka, akapiga magoti, akarudi ndani. Mgeni mmoja alisema, "Huyu maziwa yamemkubali," na nyuma ya pazia Koku alinifinya mkono ili asicheke. Chakula kilikuwa kinapakuliwa. Siku ya harusi ilikuwa karibu kutajwa. Niliiona ikija midomoni mwao.

Ndipo Baba akaingia na sinia. Mwanamume mwenye nyumba, amevaa shati lake jeupe, amebeba sinia mwenyewe kama binti. Nilisikia Mama akivuta pumzi. Wageni wakachukua kila mmoja kipande, kwa adabu na mashaka, kama mtu anavyopokea dawa kwa jirani. Wakatafuna. Nyuso zao zikafunguka. Mzee Bitegeko alitafuna polepole, macho kafumba nusu, akachukua cha pili.

"Mkwe," alisema, "hiki ni nini?"

Baba angeweza kusema ni tamutamu za Mwanza. Angeweza kusema ni unga. Mama alimtazama kwa macho yaliyokuwa yakisema hayo yote. Lakini mtu aliyeulizwa kuhusu kazi ya mikono yake, baada ya miaka ya kuchekwa kwa ajili yake, masikio yake husikia swali tu, hayasikii hatari.

"Ni maziwa," Baba alisema, amesimama wima. "Maziwa matupu. Ya Bihogo."

"Maziwa hayakatwi kwa kisu," alisema Mzee Bitegeko, bado anatabasamu.

"Yanakatwa, mkwe, ukiyachemsha kwa subira. Toka asubuhi mpaka jua linapinduka. Yanapungua, yanapungua, mpaka yabaki yenyewe." Akaonyesha kwa mikono namna yanavyopungua.

Hakuna aliyepiga kelele. Hadi leo natamani mtu angepiga kelele. Mzee Bitegeko alirudisha kipande kilichobaki kwenye sinia, akakiweka mahali palepale kilipokuwa, akafuta vidole kwenye nyasi. Akaomba maji. Akatoka nje hadi kwenye ua, akasukutua mdomo, akatema, akasukutua tena. Wenzake wakafuata mmoja mmoja. Mdogo wake bwana harusi, kijana wa umri wa Koku, alibaki amejaza mdomo, hajui ameze au ateme, macho yanamzunguka kama kuku aliyekabwa na punje. Mwishowe alimeza, na machozi yakamtoka. Ndani, Bibi alikuwa ameketi palepale. "Nimekula viwili," alisema kwa sauti ya mtu aliyeumwa na nyoka. "Viwili."

Mzee Bitegeko akaenda kwa Bihogo, akainama, akalishika titi. "Amepungua?" aliuliza. Bibi, aliyemfuata nje na ambaye hakuwa na uwezo wa kusema uongo siku ya Bwana, akajibu kwamba amepungua. Na kweli alikuwa amepungua, kwa sababu mvua ilikuwa imekatika na nyasi zimekauka, jambo ambalo kila mtu pale alilijua na hakuna aliyelitaja. "Maziwa yale yalikuwa ya binti," mzee alimwambia Baba, bila hasira, kama anayemweleza mtu njia. Wakachukua fimbo zao. Chakula kilibaki kwenye vyungu, na harusi ikabaki bila siku.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini methali hiyo haisemi kwamba guu likivunjika moja, nyumba nzima huchechemea. Kisimani wanawake walinyamaza Mama alipofika. Shuleni nilipata jina jipya, Mpika Ng'ombe. Msichana mmoja wa Ihanda aliyekuwa akikaa kwa shangazi yake karibu nasi aliniuliza kwa upole uliozidi matusi, "Na nyinyi nyumbani, kuku mnampika akiwa anatembea?" Nilicheka pamoja nao. Nilijifunza mapema kucheka kabla hawajamaliza, ustadi ambao baadaye umenilisha, maana mtu anayejicheka kwa maandishi huitwa mwandishi. Koku hakucheka. Alikaa chumbani na kitambaa cha gauni ambacho fundi alikuwa ameshakikata. Siku moja Baba alisimama mlangoni pake, hakuingia. Koku akamwambia, "Ungenipikia mimi, Baba. Siku nyingine yoyote. Ningekula." Baba akaenda kukaa kwenye migomba hadi giza likaingia.

Mshenga alipokuja hatimaye, alileta sharti. Ukoo ule uko tayari kuendelea, alisema, lakini aliyeyapika maziwa aje mwenyewe zizini kwao, anywe maziwa mabichi mbele ya ng'ombe, na aape kwamba hatayapika tena wala kuyala yaliyopikwa, maisha yake yote. Mkono uliokoroga nao uje, na mkono huo ulikuwa wangu. Nilimtazama Baba kuona kama atakataa. Huyu alikuwa mtu aliyeijua kazi moja tu duniani, na katika kazi hiyo, maziwa ndiyo mzizi. Bila maziwa hakuna peda, hakuna barfi, hakuna miji ile. Hakuuliza hata swali. Alisema, "Tutakuja," akaingia ndani kutafuta shati lake jeupe.

Tulifika Kyerwa alfajiri, ng'ombe wakiwa bado zizini, moshi wa samadi ukiwafukuzia nzi. Watu wa ukoo walisimama upande mmoja. Mzee Bitegeko alimpa Baba ekyanzi, kile chombo cha mti cha maziwa kilichofukizwa kwa moshi wa nyasi, kimejaa hadi shingoni. Baba alivua kofia akanipa niishike. Akanywa. Alikunywa kwa muda mrefu, koo likipanda na kushuka, na watoto wa zizi wakaanza kuchekacheka kwa sababu maziwa yalikuwa yanamtiririka kidevuni na kulowesha shati. Kisha akaapa, kwa Kinyambo, lugha yetu, kwa sauti ya kutosha. Mimi sikuona mwisho wake. Nilikuwa nimejifunika uso kwa kofia yake. Ndani ya kofia mlikuwa na giza, na giza lile lilinukia hiliki.

Ilipofika zamu yangu, nilisikia sauti ya chini ya mzee ikisema, "Huyu ni mtoto. Hana kosa. Mwacheni." Baba akaichukua kofia mikononi mwangu, akaivaa, tukaenda zetu.

Koku aliolewa, na kwa ndoa ninazozijua mimi, ikiwemo iliyokuwa yangu, yake ni nzuri. Sufuria ya shaba ikawa ya kuchemshia maji ya kuogea waliojifungua. Baba akalima, vibaya, mpaka mikono yake ikawa kama ya wengine. Kumbe mwiko wenyewe haukuwa na maisha marefu. Kabla sijamaliza sekondari, chai ya maziwa yaliyochemka ilikuwa inanywewa Karagwe yote, na Bibi mwenyewe, miaka yake ya mwisho, aliomba aongezewe. Leo mjukuu wa Mzee Bitegeko, mtoto wa kwanza wa Koku, ana kibanda karibu na stendi ya Kayanga. Maziwa yanachemka hapo tangu kunapambazuka, ya ng'ombe wa zizi lile lile, na madereva wa bodaboda wanapanga foleni na vikombe. Baba akipita hapo hupewa chai ya rangi. Mjukuu hajui ni kwa nini. Anadhani ni mambo ya tumbo.

Mwaka huu Koku alimwoza binti yake. Sherehe ilifanyika ukumbini Kayanga, na mapambo, na mshereheshaji aliyepiga makelele kana kwamba sote tuko ng'ambo ya mto. Baada ya keki, wasichana wenye sare walipitisha visahani vya tamutamu zilizoagizwa Mwanza kwenye maboksi. Nilizijua kabla hazijafika mezani kwetu. Baba, mzee sasa, alikuwa ameketi kati yangu na Koku. Kisahani kilipomfikia alichukua kipande cha barfi, akakigeuza, akatazama ukingo wake ulivyokatwa, akakileta karibu na pua.

"Kula tu, Baba," Koku alisema, macho yamemlowa. "Mzee mwenyewe alishakufa zamani."

"Yeye amekufa," Baba alisema. "Mimi nipo."

Akanishika mkono, akakiweka kile kipande kiganjani mwangu. "Onja wewe. Niambie hiliki ipo au wamekwepa."

Nikatia mdomoni. Ilikuwa tamu mno, laini mno, ya watu wenye haraka. Kwenye meza ya mbele yetu walikuwa wameketi wakwe, watu wazima wa ukoo ule, wanatafuna barfi bila wasiwasi wowote na kulamba vidole. Nami, mwanamke wa miaka yangu, mwenye shahada na miwani, nikajikuta nimevuta ncha ya kitenge na kujifunika mdomo huku natafuna.

Baba aliniona. Akaushusha mkono wangu taratibu, kama anayemwondoa mtoto karibu na moto.

"Tafuna vizuri," alisema. "Aliyekatazwa ni mimi."